Kabla Hujailipia Okidi: Ushauri kwa Wapenda Maua wa Langas

Okidi nyingi zinazokufa hapa Eldoret huwa zimeshahukumiwa siku ya kununuliwa. Mnunuzi ameona ua, limempendeza, amelipa kwa M-Pesa, amepanda boda boda hadi nyumbani Langas. Miezi michache baadaye majani yanalegea, mizizi inaoza, na jirani anasema okidi ni maua ya matajiri wa Nairobi, huku kwetu hayawezi. Jirani huyo amekosea. Ziko okidi zinazoipenda baridi yetu kuliko joto la Nairobi, na ziko zingine zilizokuwa zikichanua juu ya miti ya Nandi na Kakamega kabla mji wa Eldoret haujakuwako. Linalotakiwa ni kujua kutembelea vitalu na maonyesho: utazame nini, umuulize nani, na wakati gani urudi nyumbani mikono mitupu bila kujuta.

Anza na mahali unapoishi. Langas iko kusini mwa mji, kwenye barabara ya Kisumu, mita zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 unazopanda kutoka pwani hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6. Ndiyo maana usiku ambao mtu wa Mombasa analala na feni, wewe unatafuta blanketi ya pili, na kipimajoto kilichoachwa barazani kinaweza kusoma nyuzi 10 alfajiri, au chini ya hapo. Mchana nalo jua letu ni kali kuliko mwili unavyolihisi, kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi. Mvua huanza mwezi wa tatu au wa nne ikaendelea hadi wa tisa, na mara nyingine huja na mawe yanayopasua majani ya migomba, sembuse ya okidi. Kisha Desemba hadi Februari ni ukavu, na vumbi la barabara zetu hutanda juu ya kila jani. Yote haya uyabebe kichwani unapoingia kwenye kitalu, maana muuzaji hatayabeba kwa niaba yako.

Ile okidi ya kwenye maduka makubwa, yenye majani mapana manene na maua meupe au ya zambarau yaliyojipanga kwenye kikonyo kirefu kilichopinda, ni Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya kusini-mashariki mwa Asia. Hutaka usiku usioshuka sana chini ya nyuzi 16. Langas unaweza kuitunza, lakini ndani ya nyumba, kwenye chumba kinachopata joto la jikoni, karibu na dirisha lenye mwanga ila mbali na upepo wa mlangoni. Ukiiacha barazani mwezi wa saba, umeiua.

Cymbidium ni habari nyingine kabisa. Hii ina majani marefu membamba kama ya mchaichai, na chini yake mashina mafupi yaliyovimba ambamo huhifadhi maji na chakula. Aina nyingi za mwituni zilizozaa hizi za bustanini zinatoka kwenye miteremko ya Himalaya na milima ya jirani, mahali ambapo usiku ni baridi. Baridi hiyo ndiyo inayoiambia itoe vikonyo vya maua. Mtu wa Mombasa anaweza kuilea miaka na miaka akaambulia majani tu. Mtu wa Langas anaiweka nje, chini ya ukingo wa paa, na hali ya hewa inamfanyia kazi ambayo wakulima wa nchi za joto hulipia mashine. Sijui kwa nini watu wa Uasin Gishu hawajaikumbatia zaidi. Hili ndilo ua letu.

Kwa mtu anayeanza, hata hivyo, ningempa kwanza Epidendrum zile za mashina membamba marefu, zenye vichwa vya maua madogo ya machungwa, mekundu au ya waridi. Hizi asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na zimezoea bustani za nyanda zetu za juu kiasi kwamba watu wengi hawajui kuwa ni okidi. Hutoa vichipukizi vyenye mizizi juu ya shina. Unakata, unampa jirani, naye anapanda. Ukiona moja kwenye ua wa kanisa au wa shule, omba kichipukizi. Kuomba mche hapa kwetu si aibu, na anayekupa hufurahi kuliko anayekuuzia.

Dendrobium zinahitaji tahadhari, maana chini ya jina hilo moja ziko jamaa mbili zenye tabia tofauti. Nyingine hutaka kipindi cha baridi na ukavu ndipo zichanue, na hizo zitakufaa. Nyingine ni za joto mwaka mzima. Wauzaji huzichanganya kwenye meza moja. Vanda, okidi nyingine ya joto, waachie ndugu zetu wa Mombasa, au kama una shangazi Kisumu mnunulie yeye.

Sasa twende kitaluni. Vitalu vya kando ya barabara hapa Eldoret vinauza zaidi miche ya miti, miparachichi, waridi na maua ya ua wa nyumba. Okidi huja kwa msimu, chache chache, mara nyingi zimewekwa nyuma karibu na kibanda ili zisipigwe jua. Nenda asubuhi siku ya kazi, wakati mwenye kitalu anamwagilia na ana nafasi ya kuzungumza. Jumamosi mchana ana wateja kumi na hatakujibu sawasawa. Swali langu la kwanza huwa moja, na mazungumzo huenda hivi:

“Mama, shikamoo. Hii okidi imekuzwa wapi?”

“Marahaba. Hiyo imetoka Nairobi, kijana wangu.”

“Imekuzwa Nairobi, ama ilipitia tu?”

“Ilipitia tu. Ilikuja na ndege.”

“Na hapa nje imekaa tangu lini?”

“Wiki mbili hivi.”

Majibu hayo matatu yana thamani kuliko rangi ya ua. Mmea uliokuja na ndege umelelewa kwenye nyumba ya vioo, mara nyingi Uholanzi, mahali ambapo joto, unyevu na mwanga hupimwa kwa mitambo. Umeingia nchini kihalali ikiwa una kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea, na cheti cha afya ya mimea. Halafu umekaa wiki mbili kwenye upepo wa Eldoret. Bado maua yanang'aa, kwa sababu maua ya okidi yalijengwa miezi iliyopita kwa akiba ya mmea. Yanaweza kuendelea kupendeza huku mizizi inakufa. Mama aliyekujibu ukweli namna hiyo mshukuru na umrudie siku nyingine. Muuzaji mkweli ni hazina, hata kama siku hiyo hukununua kwake.

Mmea uliokuzwa nje huko Limuru, kwa upande mwingine, umelala kwenye usiku unaofanana na wetu, kwa kuwa Limuru nayo iko juu ya mita 2,000. Ukisafiri Nairobi kwa shughuli zako, tenga nusu siku upande huo kabla ya kurudi. Kitale pia si mbali kwa tabia ya hewa, ingawa iko chini yetu kidogo. Mmea wa Kisumu au wa pwani utahitaji kuzoeshwa polepole, na kama ni aina ya joto hautazoea kamwe.

Baada ya asili, tazama mizizi. Hapa usione haya. Omba ruhusa, inua chungu, kiweke kwenye mwanga. Vyungu vingi vya Phalaenopsis ni vya plastiki inayoonyesha ndani, na kuna sababu: mizizi ya okidi zinazoishi juu ya miti imezoea mwanga na hewa. Imevikwa tabaka jeupe linalonyonya maji haraka. Ikiwa kavu huonekana ya kijivu chenye weupe wa fedha. Ikinyweshwa hugeuka kijani. Basi fanya jaribio hili: dondosha matone machache ya maji kwenye mzizi unaouona, subiri kidogo, utazame. Mzizi hai hubadilika rangi mbele ya macho yako, na ncha yake ni kijani kibichi au ina wekundu kidogo, inang'aa. Mzizi mfu hubaki kahawia. Ukiubana kwa vidole ni laini, unatoa maji, na ukivuta ganda lake linachomoka likabaki uzi mwembamba katikati. Okidi yenye mizizi mitano mizuri na haina ua hata moja ni bora mara nyingi kuliko yenye maua kumi na mizizi ya uzi. Hili nalisisitiza kwa sababu karibu kila mtu hununua kinyume chake.

Geuza jani utazame chini yake, kisha pale jani linapokutana na shina. Wadudu weupe wenye unga hujificha hapo, na wadudu gamba hujibana kwenye mshipa wa katikati wakiwa vidoa vya kahawia vinavyobanduka kwa ukucha. Hao unaweza kupambana nao kwa pamba na spiriti. Virusi huwezi. Kwenye Cymbidium, michirizi ya njano au myeusi iliyodidimia ndani ya jani, isiyofuata mpangilio wa kuungua na jua, inaweza kuwa ugonjwa ambao hauna dawa na unaohama kutoka mmea hadi mmea kupitia kisu. Muulize mwenye kitalu anasafishaje kisu anapogawa mimea. Akikwambia anakipitisha kwenye moto kila mara, uko mahali pazuri. Akikushangaa, usinunue Cymbidium iliyogawanywa hapo.

Utakuta pia okidi zimepandwa kwenye udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, kama vile ni miche ya nyanya. Mwenye kitalu hana nia mbaya, ndivyo anavyopanda kila kitu. Okidi ya mitini hukosa hewa kwenye udongo huo. Ikiwa bei ni ya chini na mizizi bado ni migumu, ichukue na uihamishe siku hiyo hiyo, usingoje wikendi.

Na kuhusu kuihamishia kwenye nini, Eldoret ina neema ambayo Nairobi wanaitafuta kwa bei. Mji huu ni wa mbao. Viwanda vya kupasua mbao vimekuwa hapa kwa miongo mingi, na ingawa vilikaa kimya kwa sehemu kubwa baada ya serikali kusimamisha ukataji katika misitu ya umma mwezi wa pili 2018, marufuku hayo yaliondolewa 2023. Omba magome ya paini yaliyokauka. Yavunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yaloweke maji usiku mzima, yamwage maji hayo, kisha changanya na vipande vya makaa vilivyooshwa vumbi. Mchanganyiko huo ni makao ya mizizi ya Cymbidium kwa miaka miwili au mitatu, hadi magome yatakapoanza kuoza na kushikana. Ila sikiliza jambo moja: usichukue chochote kwenye yadi inayotengeneza nguzo za umeme. Nguzo hizo hutiwa dawa kali za kuzuia mchwa na kuoza, na vipande vyake vitaua mmea, tena si vya kushikwashikwa na watoto.

Maji ya visima vya Langas yanatofautiana ploti hadi ploti, na yale ya mfereji hutiwa klorini. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Una paa la mabati, una gata, weka pipa. Wacha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa kabla ya kukinga. Mwagilia asubuhi ili hadi jioni katikati ya majani pawe pamekauka, kwa sababu maji yaliyolala kwenye kitovu cha mmea usiku wa nyuzi 10 huleta kuoza. Na ile mbolea ya DAP au CAN iliyobaki baada ya kupanda mahindi, iache ghalani. Punje zake zitaichoma mizizi ya okidi. Nunua kwenye duka la pembejeo mbolea inayoyeyuka majini, yenye namba tatu zinazolingana, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa, tena kwenye mizizi iliyokwisha kulowa.

Safari ya kurudi nayo huua mimea mingi. Ukitoka Nairobi kwa matatu, gari hupanda hadi Timboroa, mita zaidi ya 2,700, na upepo wa pale ni wa kukata. Okidi isifungwe juu ya kerea wala kutupwa kwenye buti chini ya mizigo. Ifunge kwa gazeti kuanzia chini kwenda juu, kikonyo cha maua ukifunge kwenye kijiti, uipakate. Kama ni lazima ulipie kiti cha pili, kilipie. Umelipa zaidi kwa mmea. Ikifika, isiwekwe pamoja na mimea yako mingine kwa wiki tatu au nne. Wadudu walio kwenye mayai leo wataonekana ndani ya muda huo.

Maonyesho ni elimu ya namna nyingine. Agricultural Society of Kenya, iliyoanzishwa 1901, huandaa maonyesho ya kilimo Eldoret na Kitale, kati ya miji mingine. Usiende huko ukitarajia ukumbi uliojaa okidi. Utaona mahindi, ng'ombe wa maziwa na matrekta, na ndivyo inavyostahili kuwa huku kwetu. Lakini pita kwenye mabanda ya vyuo, ya idara za kilimo na ya wakuza miche, uulize nani anakuza maua ya vyunguni. Nimeona watu wengi wakipata kwa njia hiyo mkulima wa karibu nao ambaye hana bango barabarani wala haandiki matangazo. Mtu huyo mmoja, aliyelea Cymbidium miaka mingi kwenye baridi ile ile yako, atakufundisha kuliko kitabu.

Maonyesho ya okidi zenyewe huandaliwa Nairobi na Kenya Orchid Society, chama cha wapenzi wa mimea hii. Ukijaliwa kwenda, nenda siku ya kwanza mapema. Watu wengi huingia wakapiga picha za maua na kutoka. Wewe piga picha ya lebo kwanza, kisha ya ua, kisha ya mmea mzima pamoja na chungu chake. Lebo ndiyo itakayokuwezesha kuitafuta okidi hiyo baadaye na kujua inatoka mlima gani. Picha ya chungu itakuonyesha mwenyewe ameipanda kwenye nini: magome, kipande cha gogo, kikapu cha mbao, au mizizi ikining'inia hewani. Simama mbele ya mimea iliyopewa tuzo na utazame majani yake. Waamuzi huwa wametazama ua, lakini mmea ulioshinda karibu kila mara una majani safi yasiyo na michubuko, na hapo utaelewa kazi iliyofanywa miezi yote ambayo haukuwa na ua.

Usiguse. Mafuta na jasho la vidole huacha doa kwenye petali, na mtu amesafirisha mmea huo kwa hofu kubwa. Mtafute mwenyewe, mara nyingi amesimama hatua mbili pembeni, umsalimu, umwambie unatoka wapi. “Natoka Eldoret, mzee, kwetu usiku ni baridi. Ipi kati ya hizi itanivumilia?” Swali lenye mahali ndani yake hupata jibu lenye mahali ndani yake. Wakuzaji wa okidi ni watu wakarimu wakigundua kwamba unasikiliza. Mwishoni mwa maonyesho kwa kawaida kuna meza ya mauzo, na wanachama huleta vipande walivyogawa kutoka kwa mimea yao. Hapo ndipo pa kutoa pesa zako, kwa kuwa kipande hicho kina historia unayoweza kuiuliza.

Yako maonyesho makubwa ya kibiashara pia, IFTEX, ambayo hufanyika Nairobi mwezi wa sita. Hayo ni ya wakulima na wanunuzi wa maua ya kukatwa, hasa waridi za kuuzwa nje. Kama huna biashara hiyo, hifadhi nauli yako.

Nauli hiyo ningekushauri uitumie kwenda msitu wa Kakamega. Kutoka Langas ni safari ya asubuhi moja. Huko, juu ya matawi yenye kuvu na moss, ziko makumi ya aina za okidi zilizojiotea zenyewe, na waelekezaji wa kituo cha Isecheno watakuonyesha. Beba darubini kama unayo. Kenya ina aina zaidi ya 250 za okidi za asili, nyingi zikiwa na maua madogo meupe yanayonukia usiku ili kuwaita nondo. Mojawapo ya okidi hizi za Kenya ni Aerangis luteoalba var. rhodosticta, mmea unaokaa kwenye kiganja cha mkono, unaotoa mstari wa maua ya rangi ya maziwa uliolala bapa, na katikati ya kila ua kuna nukta nyekundu iliyokolea. Wapenzi wa okidi wa Ulaya na Marekani huitafuta kwa hamu, nayo ni yetu, inapatikana kwenye misitu ya Kenya, Uganda na jirani zake. Aliyevutiwa na vitabu atafute Orchids of Kenya cha Joyce Stewart, kilichotoka 1996. Kukitazama kitabu hicho ndiko kulikonifanya nianze kuinua kichwa kila nipitapo chini ya mti mkubwa.

Tazama, ila usichukue. Najua jinsi mkono unavyowasha. Karne ya 19 mkono huo uliwasha Ulaya nzima. Mwingereza Albert Millican aliandika mwaka 1891 jinsi alivyokatisha miti takriban 4,000 nchini Kolombia ili apate okidi takriban 10,000, na mimea ya namna hiyo iliyopelekwa kwa meli wakati ule ilikufa kwa wingi njiani. Leo hakuna sababu ya kufanya hivyo. Mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, na msituni haiwezi kuota bila kusaidiwa na kuvu. Lakini mwaka 1922 mtafiti Lewis Knudson alionyesha kwamba inaota kwenye chupa yenye sukari na madini, na mwaka 1960 mtafiti mwingine, Georges Morel, akaonyesha namna ya kuzalisha Cymbidium nyingi kutoka kwenye ncha ndogo ya chipukizi moja. Ndiyo maana okidi iliyokuwa mali ya mabwanyenye sasa inauzwa karibu na rafu ya mkate. Ya maabara huzoea chungu upesi. Ya msituni iliyong'olewa na mizizi yake kukatika, tena ikanyimwa ule unyevu na kuvu iliyozoea, hunyauka mwaka huo huo mara nyingi.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kutoa mmea kwenye msitu wa umma bila kibali, na okidi zote duniani ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vya mwituni, ambao Kenya ilijiunga nao 1978; kuvusha hata moja mpakani, kwenda au kutoka Uganda, kunahitaji karatasi. Ukikuta tawi lililoangushwa na upepo lina okidi juu yake, mjulishe askari wa msitu au mwelekezaji, naye atajua la kufanya.

Hapa Eldoret, mara moja moja, utakutana na kijana kando ya barabara ameshika okidi mbili tatu zilizong'olewa, mizizi bado imeshikilia vipande vya gome la mti, moss ikiwa mbichi. Atakuuzia kwa bei ya soda. Utaihurumia, utajiambia afadhali ife kwako kuliko kwake. Nakuomba usiinunue. Mwambie kwa upole kwamba vichipukizi vya Epidendrum vilivyooteshwa kwenye mkebe ungevinunua kwa bei nzuri kuliko hiyo, na kama una mmea wako nyumbani, mkatie kimoja aende akaanze.